Doa Kwenye Kola ya Echodu

Siku Echodu alipokataa chai ya maziwa katika hoteli ya Mama Roselida, wateja waliacha kutafuna.

Hoteli hiyo ilikuwa chumba cha mabati pale Busia, karibu na kizuizi cha forodha, mahali malori husimama kungoja kuvuka kwenda Uganda. Chai ya Mama Roselida ilijulikana na madereva mpaka Jinja: maziwa mengi, majani mengi, na ka-moshi kidogo ka kuni. Yeye alipika, na binti yake Nabwire akapeleka vikombe mezani. Na kati ya madereva wote waliomtupia Nabwire macho, aliyempata ni mmoja, Echodu, kijana wa Kiteso wa Adungosi, mrefu, mpole, mwenye sauti ya chinichini. Jumamosi iliyokuwa inakuja, watu wa Echodu walikuwa wafike nyumbani Matayos na ng'ombe wa mahari.

Sasa huyo huyo mkwe mtarajiwa alikuwa amesukuma kikombe pembeni.

"Mama, naomba turungi," alisema.

"Turungi?" Mama Roselida alisimama na birika mkononi. "Maziwa yangu yamekukosea nini?"

"Hakuna kitu, mama. Ni tumbo tu."

"Juzi pia ilikuwa tumbo. Echodu, hebu nisikie vizuri. Jumamosi ng'ombe wakishaingia boma letu, mimi na wewe hatutakaa chumba kimoja tena. Nikikuona njiani nitaingia kichakani, na wewe utageuza uso. Hiyo ndiyo heshima ya mkwe. Kwa hivyo chai yangu unywe sasa, wakati bado naruhusiwa kukuangalia ukinywa."

Echodu aliinamisha kichwa. Mkono ukapanda wenyewe kwenye kidevu, kisha akaushusha haraka kama mtu aliyechapwa.

"Mama, mwache," alisema Kariuki, dereva wa lori la simenti, mdomo umejaa chapati. "Huyo Mahindi ameshanyweshwa huko mbele."

Wenzake walicheka. Mahindi lilikuwa jina walilompa Echodu barabarani, kwa sababu mashavu yake yalijaa vipele mpaka yakafanana na gunzi. Nabwire hakuwahi kulijali jina hilo. Kwake vipele vilikuwa sehemu ya Echodu, kama mwendo wake na kofia yake ya kaki. Lakini hilo neno la kunyweshwa huko mbele lilimchoma chini ya titi la kushoto, likakaa hapo.

Alimletea turungi. Alipoinama kuweka kikombe, macho yake yaliangukia kola ya shati. Palikuwa na doa. Rangi ya waridi iliyofifia, kavu kama unga, pale ambapo shingo inagusana na kitambaa.

Mwanamume hapaki poda. Nabwire alijua hivyo. Mwanamke ndiye hupaka, na akikumbatia, huacha.

"Mbona unaniangalia hivyo?" Echodu alimwuliza polepole.

"Nakuangalia vipi?"

"Kama askari wa forodha."

"Basi labda unapitisha kitu," alisema, akaondoka.

* * *

Echodu alikuwa na mazoea ya kumwachia Nabwire mashati yake. Anavuka na lori, anarudi, anayakuta yamefuliwa na kupigwa pasi ya makaa. Watu wa sokoni waliona hivyo wakasema hao wawili wameshaoana, zimebaki taratibu za wazee tu. Na Nabwire alipenda kuyafua. Kila shati lilikuwa na jasho la Echodu na vumbi la Tororo, na yeye alikuwa akiliingiza majini taratibu kama anayemwogesha mwenyewe.

Jioni hiyo, Echodu akiwa ameshaondoka na lori, hakuingiza kitu majini. Alipeleka furushi nyuma ya hoteli, akaketi juu ya jiwe, akaanza kufungua shati moja moja. Doa la waridi lilikuwa kwenye kola ya kila shati. Na mgongoni je? Mgongoni madoa yalikuwepo pia, mapana, kama viganja vya mtu aliyekuwa amemkumbatia kwa nguvu. Akanusa. Hakikuwa kitu cha kunukia. Harufu yake ilikuwa kali, kama njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi.

"Hata poda yake inanuka," alisema kwa sauti, na machozi yakamtoka.

Mtu akishaanza kutafuta hawezi kuacha, hata angeambiwa aache. Nabwire akaingiza mkono katika mfuko wa shati la mwisho, akatoa kipande cha gazeti kilichokunjwa. Ndani yake mlikuwa na vidonge virefu vya kung'aa, nusu vya manjano, nusu vyekundu.

Mama Roselida alikuwa ametoka kumwaga maji. Aliona kiganja cha binti yake, akaweka karai chini.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Kwa shati la Echodu."

"Rangi mbili." Mama alivuta pumzi. "Mwanangu, miaka yote nimepikia madereva. Hii dawa naijua kama ninavyojua sufuria zangu. Wakirudi kutoka kwa wale wanawake wa kule ng'ambo, wakianza kutembea wamepanua miguu, wanapewa hii hospitalini. Wanaimeza hapa kwa meza yangu wakidhani sioni."

"Labda ni ya malaria, mama."

"Malaria inapewa kwinini, nayo ni chungu na ni nyeupe. Hii ni ya ugonjwa wa madereva. Na ule uso wake je? Ulidhani ni nini vile vinavyotoa usaha? Ni damu chafu inatafuta mlango wa kutokea. Nilikuwa nasema moyoni, nikanyamaza kwa sababu unampenda."

Nabwire aliwaza kikombe kilichosukumwa. Doa. Viganja mgongoni. Vyote viliingia mahali pake kama sahani zinavyopangwa kabatini, na juu ya vyote akamwona mwanamke mmoja, mnene wa kupendeza, uso umejaa poda ya waridi, akimpa Echodu chai ya maziwa na kumwambia, usinywe tena kwingine.

Wakati huo huo Kariuki akazunguka nyuma ya hoteli kutafuta maji ya kunawa. Aliona yale mashati yaliyotapakaa, akatabasamu.

"Dada, bibi arusi anafua kwa machozi? Sabuni imeisha?"

Kama angenyamaza hapo, kama angeuma ulimi mpaka asubuhi, hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini wivu hauketi kimya katika mdomo wa mwanamke aliyedhalilishwa.

"Muulize rafiki yako Mahindi," alisema Nabwire. "Anameza dawa yenu. Ana ugonjwa wenu. Nendeni mkamchangie."

Kariuki hakucheka. Alinawa mikono haraka haraka, akarudi ndani. Muda mfupi baadaye Nabwire alisikia meza nzima ikiangua kicheko.

"Umefanya nini?" mama yake alimwuliza.

"Nimesema ukweli."

"Baba yako akisikia, hao ng'ombe watageuziwa njiani. Huyo mtu umwache, Nabwire. Leo hii."

"Nitamwacha," alisema. "Lakini kwanza nimwone huyo mwanamke kwa macho yangu."

* * *

Alijua pa kuanzia. Echodu mwenyewe alikuwa amezoea kusema, kila akirudi, kwamba amechelewa kidogo Malaba. Kwa nini Malaba, na yeye alikuwa anavukia Busia? Nabwire hakuwahi kuuliza. Sasa alijiona mjinga wa kutupwa.

Asubuhi alivaa gauni lake la kanisani. Alijipaka mafuta mpaka mikono ikang'aa, akajitazama katika kioo, akajipangusa, akajipaka tena. Alitaka huyo mwanamke amwone na aumie. Basi la Malaba lilipoondoka, alikuwa amekaa wima kama anayekwenda kupigwa picha.

Lori la Echodu hakulitafuta sana. Lilikuwa limeegeshwa chini ya mikaratusi ya dispensari ya misheni, nje kidogo ya mji. Nabwire alisimama kwenye ua wa lantana, akachungulia.

Barazani, mahali penye mwanga mzuri, Echodu alikuwa ameketi kwenye kiti. Mbele yake alisimama mwanamke wa rika la Nabwire, amevaa gauni jeupe la uuguzi, kiuno kimefungwa mkanda. Vidole vyake vilikuwa chini ya kidevu cha Echodu. Akakigeuza kidevu kuelekea juani, taratibu. Akakigeuza upande wa pili. Wakazungumza Kiteso, lugha ambayo Nabwire alijua maneno yake ya salamu tu. Yule mwanamke akasema jambo, na Echodu akacheka.

Kicheko hicho Nabwire hakuwa amekisikia kwa muda mrefu. Alikuwa amedhani kimeisha. Kumbe kilikuwa kinaletwa huku.

Alipita getini bila kubisha. Akina mama waliokuwa kwenye benchi na watoto wao waligeuka wote.

"Kwa hivyo ni huyu," alisema.

Echodu hakuruka. Alimtazama tu, na macho yake yalikuwa mazito, yamechoka.

"Nilikuwa nakungoja," alisema. "Kariuki alipita hapa Malaba jana usiku. Alinisimamisha mbele ya watu wa forodha, akaniuliza kama bado naweza kukojoa."

Hasira ya Nabwire ilikuwa mbele.

"Na si ni kweli? Rangi mbili zinafanya nini mfukoni mwako? Poda ya nani imejaa kwa kola? Chai ya mama yangu umeikataa, unakunywa ya nani?"

"Dada," yule muuguzi aliingilia, sauti yake imetulia. "Mimi ni Amoit. Poda hiyo ni yangu."

"Unasema hivyo bila aibu?"

"Ni yangu kwa sababu ninaichanganya mwenyewe hapo ndani." Aliinua chupa kutoka mezani, akaitikisa. Majimaji ya waridi yaliinuka, na unga uliokuwa umelala chini ukachanganyika. "Nusa."

Nabwire hakutaka, lakini pua yake ilishanusa. Njiti ya kiberiti iliyozimwa.

"Ni salfa," Amoit alisema. "Anajipaka usoni na mgongoni kabla ya kulala. Ikikauka inachafua nguo. Kwa Kiswahili ugonjwa wake unaitwa chunusi, si kitu kingine. Echodu, nimwonyeshe?"

Echodu alifikiri. Alitazama benchi la akina mama, akatazama chini.

"Mwonyeshe," alisema. "Ameshawaambia wengine asichokijua. Afadhali ajue."

Waliingia ndani. Amoit alifunga mlango, akamkalisha Echodu karibu na dirisha, akamwashiria Nabwire asogee.

"Tazama hapa puani. Hivi vidoti vyeusi. Unadhani ni uchafu?"

"Si ni vumbi la barabara?"

"Hata angeoga mara ngapi, havitoki. Ngozi inatoa mafuta yake kwa vitundu. Kitundu kikizibwa na mafuta hayo, kikabaki wazi juu, kinageuka cheusi. Kikifunikwa na ngozi kinabaki cheupe, kama hivi vya paji la uso. Hivyo ndivyo vidogo. Havina shida." Kidole cha Amoit kilishuka shavuni, na Nabwire akakifuata kwa macho kama paka. "Sasa hiki ni chekundu, kigumu ukikigusa, lakini hakina usaha. Mwenzake hapa ana kichwa cha manjano, huyo ana usaha. Na hapa alijiminya, ndiyo maana pameacha shimo. Nimemkataza kujiminya. Mkono ukipanda kwa uso, aushushe."

Nabwire alikumbuka ule mkono uliopanda na kushuka mezani.

"Inaambukiza?"

"Ungekuwa nayo zamani. Si umekaa naye shavu kwa shavu?"

Nabwire aliona haya, na aliona uchungu kwamba mwanamke huyu amelisema hilo.

"Na hizo rangi mbili?"

"Vua shati," Amoit alimwambia Echodu.

Alivua. Nabwire aliziba mdomo kwa mkono.

Mgongo wote ulikuwa umejaa mavimbe, makubwa, mengine yamelala ndani ya nyama kama njugu mawe chini ya blanketi, mengine yamepasuka na kuacha makovu ya kung'aa. Chini ya bega palikuwa pameungua. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akiendesha lori siku nzima ameegemea kiti cha plastiki, akishuka anatabasamu na kuomba chai.

"Pale palichomwa na mafuta ya taa," Amoit alisema. "Wenzake walimwambia ajipake. Kwa vile vidogo ningetumia losheni peke yake. Haya ya ndani ni lazima nimpe kidonge, na ameze miezi mingi, polepole."

"Lakini ni dawa ya wale madereva."

"Panga lenu nyumbani linakata kuni tu? Si linachinja kuku pia? Dawa moja, magonjwa tofauti. Wale nawapa kidogo, wanapona, wanarudia upumbavu. Huyu hana huo ugonjwa. Nilimpima, yeye mwenyewe aliniomba nimpime, kwa ajili ya Jumamosi yenu."

"Na chai?"

Amoit alimtazama Echodu. "Chai gani?"

"Amekataa chai ya maziwa ya mama yangu. Mbele ya watu."

"Wewe," Amoit alimwambia Echodu, akicheka kwa hasira kidogo. "Nilisema usimeze dawa na maziwa, yanaizuia isifanye kazi. Nilisema uache kitambo katikati. Sikusema uyakimbie maziwa kama nyoka."

"Niliogopa kuharibu," Echodu alijibu. "Nilitaka uso uwe safi kabla ya picha ya harusi. Kwa ajili yake."

Nabwire alitaka kulia kwa aibu, na alilia. Lakini chini ya aibu, wivu haukuwa umekufa. Kitu kilichomuuma kuliko vyote ni kwamba Amoit alikuwa ameuona mgongo huu kabla yake. Alikuwa ameujua vimbe kwa vimbe. Yeye, mchumba, aliyefua mashati yote, hakuwahi kuonyeshwa.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza. "Ulimwonyesha huyu, ukanificha mimi."

"Yeye hanipendi," Echodu alisema. "Mbele yake sioni haya. Wewe nilitaka unione mzima."

Nabwire alipangusa macho. Akanyoosha mkono kuelekea ile chupa.

"Sista, nifundishe. Nitampaka mimi."

Amoit alimpa chupa na pamba. Nabwire alilowesha pamba, akasogea, akainua mkono kwenye shavu la Echodu.

Echodu alirudisha uso nyuma. Hakuwa na haraka. Aliurudisha kama alivyokisukuma kile kikombe.

"Bado," alisema. "Mkono wako bado una hasira, na mimi bado nasikia kicheko cha Kariuki." Alivaa shati, akafunga vifungo mpaka juu. "Kaa na hiyo chupa. Mwenyewe nina nyingine. Ulisema kwa madereva, si kwangu. Ukiwaambia walewale, kwa mdomo uleule, Jumamosi watu wangu watakuja, na utanipaka. Ukiona ni kazi kubwa, ng'ombe watabaki Adungosi, na hakuna atakayekulaumu."

Akatoka. Lori likanguruma chini ya mikaratusi, likapotea kuelekea Tororo.

* * *

Jioni hoteli ilikuwa imejaa. Kariuki alikuwa pale pale, na wenzake, na mafundi wa baiskeli, hata karani mmoja wa forodha. Nabwire aliingia na vumbi la safari kwenye gauni la kanisani. Mama yake alimwangalia usoni, akaacha kukoroga.

Nabwire aliweka chupa katikati ya meza ya Kariuki.

"Jana nilisema Echodu ana ugonjwa wenu," alisema. Sauti ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Nilisema uongo. Ana chunusi. Ziko usoni na zimejaa mgongoni, na anaziuguza. Mlinionyesha meno yenu mkacheka, na mimi ndiye niliyewapa cha kucheka."

"Na lile doa, dada?" Kariuki aliuliza, lakini taratibu.

Nabwire alitikisa chupa, akamwaga tone kwenye kidole, akajipaka kwenye kola ya gauni lake, mbele ya wote. Waridi likakauka likabaki pale.

"Mwanamke mliyesema anamnywesha huko mbele ni huyu hapa kwa chupa. Msalimieni."

Hakuna aliyecheka. Karani wa forodha alishika kikombe chake kwa mikono miwili. Kariuki alivua kofia, akaiweka gotini.

"Nitamwambia mwenyewe nikimkuta Tororo," alisema. "Nitamwomba radhi. Na hilo jina la Mahindi nitaliacha."

Mama Roselida alikuwa amesimama na mwiko wake. Aliitazama chupa, akaitazama sufuria ya maziwa.

"Kwa hivyo chai yangu haina kosa?"

"Haina, mama. Isikutane na dawa tu. Aache kitambo, halafu anywe."

Mama alirudi jikoni. Walimsikia akisogeza mawe ya mafiga.

"Jumamosi nitateleka sufuria mbili," alisema kutoka huko. "Mmoja wa wajomba atampelekea. Mimi nitakuwa nimejificha, nitachungulia."

Madereva wakaanza kula tena. Nabwire alichukua chupa yake, akatoka nje, akasimama akitazama barabara inayokuja kutoka Malaba. Alikuwa amesema yote aliyotakiwa kusema. Alijua Echodu atasikia, na moyo ulimwambia kwamba ng'ombe watakuja. Alipaswa kuwa na amani.

Lakini miezi ni mingi, ndivyo alivyosema Amoit. Na kila Echodu akipita Malaba, kile kidevu kitainuliwa juani na kugeuzwa, taratibu, upande mmoja, kisha wa pili. Nabwire aliishika chupa kifuani kwa nguvu mpaka kizibo kikamuumiza, na hakuweza kujizuia kujiuliza, leo, kabla yeye hajafika, vidole vile vilikuwa vimekaa pale kwa muda gani.